Aliyesaini Kabla ya Mama Zuhura

Jumatatu ile Mama Zuhura alifika ofisini saa moja na dakika ishirini, akachukua kalamu iliyofungwa kwa kamba pale mezani, akainama kusaini daftari la mahudhurio, akakuta ameshasaini.

Jina lake la kazini lilikuwa mstari wa kwanza, juu kabisa: Mwanaheri Pazi, saa 1:05. Aligusa kwa kidole. Wino ulikuwa haujakauka, ukamchafua.

Mtu mwingine angesema huo ni utani wa vijana, akaendelea na chai yake. Mama Zuhura hakuweza, kwa sababu mwandiko ule aliujua. Ulikuwa mwandiko wa mwanafunzi mwenye bidii, herufi zimelala kidogo upande wa kulia, na chini ya jina kumepigwa mstari mfupi kwa rula. Hakuna mtu mzima anayesaini kwa rula. Alimjua mmoja tu mwenye tabia hiyo, naye alizikwa Mkuyuni mwaka themanini na saba.

"Prisca," aliita, akiilazimisha sauti iwe ya kawaida. "Nani kanisainia hapa?"

Prisca alikuwa karani mwenzake wa masjala, binti wa huko juu misheni, mchapakazi, mdomo hautulii. Alikuwa anapangusa meza. "Mama Zuhura bwana! Si umesaini mwenyewe? Umenipita mlangoni nafungua, nikakuamkia, wala hukuitikia. Nikasema leo mama kaamka vibaya."

"Mimi ndiyo naingia sasa hivi."

Prisca akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ila kweli, ulikuwa na viatu vingine. Raba nyeupe zile za wanafunzi. Na ulikuwa umejipaka mafuta ya mnyonyo, yananukia mpaka nikamkumbuka bibi."

Mama Zuhura alikaa kwenye kiti chake akayatazama majalada mezani bila kuyafungua. Hakuwa mwoga. Lakini wiki ile haikuwa wiki ya kuchezea, na kila mtu katika jengo lile alikuwa roho juu.

Mamlaka ya Mabonde ilizaliwa na kukulia Dar es Salaam, enzi Dar ndiyo makao makuu. Serikali ilipohamia Dodoma, mamlaka nayo ikafunga virago. Wakubwa wakaenda na viyoyozi vyao. Majalada ya zamani yakakosa pa kuwekwa, mwishowe likapatikana ghala kuukuu Morogoro, karibu na stesheni, katikati ya safari, na malori yakayashusha humo pamoja na watumishi kumi na mmoja ambao Dodoma hawakuwa na meza. Ni kwa muda, waliambiwa. Muda huo ulikuwa umefikisha miaka minne. Kisha awamu ikabadilika, mkurugenzi akaondoka na watu wake, akaja mwingine na wake, na kila ajaye huunda kamati ya kuhesabu watumishi upya kana kwamba ni kuku wa jirani. Kamati ya safari hii ilikuwa na meno. Ikama mpya, yaani hesabu ya watumishi wanaotakiwa, ilikuwa na nafasi sita Dodoma kwa watu kumi na mmoja. Watano wangepewa barua ya shukrani. Orodha ingesomwa Ijumaa.

Kwa Mama Zuhura, Ijumaa hiyo ilikuwa maisha yake yote. Ilibaki miaka miwili astaafu. Alikuwa na nyumba Bigwa ambayo haijapigwa plasta, na binti mmoja, Zuhura, mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Alimpata akiwa amekata tamaa ya kuzaa, kwa kupasuliwa, na kovu lile lilikuwa likimuwasha kila baridi ya milimani inaposhuka. Mume aliondoka mtoto akiwa anatambaa. Akabaki yeye na Zuhura wake, na kazi.

Jumanne hakuna aliyemsainia, akaanza kupumua. Saa saba mchana, wenzake wakiwa wametoka kula, alikuwa peke yake na Prisca. Mvua ilikuwa inatishia, ghala limeingia giza. Ndipo wakasikia taipureta.

Sauti ilitoka nyuma, mwisho wa rafu, zilikotupwa mashine za zamani zilizoletwa kutoka Dar. Tak, tak, tak. Kengele ndogo. Mkokoto wa kurudisha mstari. Tak, tak.

"Mama," Prisca alinong'ona, "zile mashine hazina hata utepe."

"Panya."

"Panya anapiga kengele?"

Mama Zuhura aliinuka, kwa sababu kukaa kulikuwa kubaya zaidi. Alipita kati ya rafu mbili, majalada yakimgusa mabega, na kadiri alivyosogea ile harufu ikamjia, kwanza mafuta ya mnyonyo, kisha chini yake udongo mbichi wa kaburi lililonyeshewa, kisha chini ya udongo karafuu maiti, ile wanayomwekea mtu wakishamwosha, na mashine ikaendelea kugonga kwa utulivu, bila haraka, kama mtu aliyefundishwa kuweka vidole mahali pake, naye akajikuta ametazama chini ya rafu ya mwisho na kuona raba mbili nyeupe zimekaa sambamba sakafuni, visigino vimegusana, soksi zimekunjwa, na kutoka kwenye soksi udongo mwekundu ukidondoka taratibu, chembe kwa chembe, kila herufi inapogongwa.

Hakupiga kelele. Alifumba macho. Alipofumbua, raba hazikuwepo, na kwenye taipureta kulikuwa na karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri, bila kosa.

"Ndugu, kwa barua yenu ya tarehe 9 Januari 1987, naripoti kazini. Samahani kwa kuchelewa. Wako mtiifu, Mwanaheri Pazi."

Aliitafuna karatasi ile, akaimeza. Prisca alimwona, akafunga mdomo wake kwa viganja viwili.

Sasa lisemwe alilolijua yeye peke yake. Mama Zuhura hakuwa Mwanaheri. Jina lake ni Raya. Mwanaheri alikuwa dada yake, mkubwa kwa miaka miwili, msichana wa kwanza katika ukoo wao kumaliza kidato cha nne. Raya aliishia darasa la saba na jembe. Dada akaomba kazi Dar es Salaam, akakaa kungoja barua, homa ya matumbo ikaiwahi barua. Ilifika siku ya saba ya msiba: aripoti ndani ya wiki mbili. Wale mabinti walifanana mpaka mama yao alikuwa akiwachanganya. Mjomba mkubwa akasema kazi ya serikali haiachwi ikapotea, Raya abebe jina aende.

Kubeba jina hakukuwa kosa. Kwao mtu akifa, jina lake hupewa ndugu wa tumbo moja, lakini ni siku ya arobaini, mbele ya mjomba, mrithi amekaa mkekani kafunikwa kaniki, anaulizwa mara tatu kama anakubali, na marehemu anaombwa ridhaa. Kazi haikungoja arobaini. Raya alipanda gari siku ya tisa, cheti cha dada kifuani. "Tutafanya ukirudi," alisema mjomba. Hakurudi. Mwaka wa kwanza aliogopa kufukuzwa, wa pili alikuwa na shughuli, na baada ya hapo akajitia hamnazo, akasahau kwa makusudi. Hata misako ya vyeti bandia ilipopita, yeye alipeta, maana cheti chake kilikuwa halali kabisa. Asiyekuwa halali ni yeye.

Dar es Salaam hakuna kilichomfuata. Labda ni mbali. Serikali ndiyo iliyomrudisha, ikampakia na majalada yake ikamshusha chini ya milima ileile, mwendo wa saa moja na nusu kutoka lilipo kaburi.

Jumatano wakaleta mashine ya kusajili vidole. Bwana Halidi, afisa utumishi aliyetumwa kutoka Dodoma, alisimama kando, kashika kiuno, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Watumishi wakapanga mstari. Zamu ya Mama Zuhura ilipofika, mashine ikapiga mlio mkali na taa nyekundu ikawaka. Akafuta kidole kwenye kanga, akarudia. Nyekundu.

Fundi aliinama kwenye kompyuta yake. "Mama, wewe umeshasajiliwa. Mwanaheri Pazi, leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Hiyo mashine imefika saa ngapi?" aliuliza Halidi.

"Saa mbili, mkuu. Ndiyo nashangaa." Fundi akageuza mashine, akatoa kitambaa. Kioo cha kuwekea kidole kilikuwa na tope jekundu.

Halidi alimtazama Mama Zuhura kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mama yangu, mimi sitaki maigizo. Ijumaa asubuhi kidole chako kisome, na cheti chako halisi kiwe mezani. Kisiposoma, kwangu wewe si mtumishi, na hiyo miaka yako yote tutaiulizia vizuri."

Alasiri akaenda kwa sheikh mmoja, bingwa wa kutoa majini, mji mzima unamjua. Sheikh akafukiza ubani, akamsomea, akamwandikia kombe. Mama Zuhura alipoinua bakuli anywe, maji yalikuwa yamegeuka tope. Sheikh akalichukua akalimwaga uani, akanawa mikono mpaka viwiko.

"Jini ningelitoa," alisema kwa sauti ya chini. "Jini halina kwao. Huyu ana kwao, ana jina, na analidai. Nenda kwa wajomba zako, mama, na tafadhali usirudi hapa."

Alhamisi alfajiri alimwacha Zuhura amelala, akamfunika vizuri mguu uliotoka nje ya shuka, akaondoka kwenda Mkuyuni. Mjomba mkubwa alishafariki. Vitu vya ukoo vilikuwa kwa mdogo wake, Mjomba Maneno, mzee wa miaka themanini, mkali, hana jino hata moja la mbele. Alimkuta gulioni anauza mananasi, anagombana na mteja.

"Shikamoo mjomba."

Mzee hakuitikia. Alimaliza ugomvi wake, akatia hela mfukoni, ndipo akasema, "Miaka thelathini na saba. Hata nanasi huozea njiani likakumbukwa. Wewe umekumbuka leo?"

"Mjomba, dada amekuja."

"Najua. Amepita hapa Jumapili, kavaa raba zake. Aliniamkia vizuri kuliko wewe." Akaanza kukusanya mananasi. "Twende kabla jua halijapanda. Una jembe? Huna. Mjini hamna jembe, mna kalamu."

Kaburi lilikuwa juu, ng'ambo ya kijito, kwenye migomba. Ukungu ulikuwa umelala pale na haukutaka kuondoka. Lilikuwa safi, limepaliwa, na Mjomba Maneno aliapa hakuna mtu aliyelipalilia. Akatandika mkeka, akamkalisha, akamfunika kaniki kichwani. Akachinja kuku mweupe, akanyunyiza unga. Chini ya kaniki kulikuwa na giza, na joto, na ndani ya joto lile mtu mwingine alikuwa anapumua.

"Sikiliza," alisema mjomba. "Jina lake unamrudishia. Na kila kilichoandikwa kwa jina lake unamrudishia. Kesho unakwenda ofisini kwako, unawaambia wewe ni Raya, hukusoma, kazi haikuwa yako. Watakufukuza. Utakuja kulima. Dada yako atalala. Ndiyo dawa, hamna nyingine."

Raya alipiga hesabu. Miaka miwili tu ilibaki. Alimwona Halidi na suruali yake, akawaona majirani wa Bigwa, akajiona mwenyewe na jembe mgongoni kama vile hakuwahi kutoka. Akili yake ya masjala, iliyozoea kutafuta upenyo katika kila waraka, ikafanya kazi haraka. Kitu gani kingine kiliandikwa kwa jina lile? Cheti. Barua. Kitambulisho. Hati ya kiwanja, basi, nayo ni karatasi. Dada achukue makaratasi yake. Maiti atayafanyia nini?

"Unalirudisha jina?"

"Nalirudisha."

"Na kila kilichoandikwa kwa jina hilo?"

"Vyote," alisema Raya. "Dada achukue vyote. Aniachie kazi tu."

Mjomba akaguna. "Usiniletee ya mjini hapa. Fikiri kwanza, mtoto. Nakuuliza mara ya pili."

"Vyote. Aniachie kazi."

"Nakuuliza mara ya tatu, na marehemu haulizwi mara ya nne." Sauti ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. "Kila kitu, Raya?"

"Kila kitu! Kazi ndiyo aniache nayo."

Pumzi iliyokuwa naye chini ya kaniki ikacheka kidogo, kicheko cha msichana, karibu kabisa na sikio lake, kisha haikuwepo. Mjomba akaivuta kaniki. Alikuwa analia. Hakumsindikiza, wala hakumpa nanasi.

Usiku huo alilala kwa jamaa kijijini, na Ijumaa akashukia moja kwa moja ofisini. Kovu la tumboni halikumuwasha hata kidogo ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi, akadhani ni nafuu ya kutua mzigo.

Aliweka kidole kwenye mashine. Taa ikawaka kijani. Kwenye kioo pakaandikwa: Karibu, Raya Pazi.

Alisoma mara nne. Akakimbilia masjala, akavuta jalada lake. Jalada lilisema Raya Pazi. Barua ya mwaka themanini na saba, Raya Pazi. Cheti cha kidato cha nne, Raya Pazi, na picha ni yake, akiwa binti, katika shati jeupe ambalo hakuwahi kulivaa. Kila karatasi safi, kila mhuri mahali pake. Akakikumbatia kile kijalada akacheka peke yake kama mwendawazimu. Alikuwa amempiga chenga maiti.

"Bi Raya, kulikoni?" aliuliza Prisca mlangoni. Macho yalikuwa mekundu. "Wanasoma orodha."

Jina lake lilikuwa la kwanza. Raya Pazi, Dodoma, kuripoti Jumatatu, usafiri unaondoka kesho. Halidi akampa mkono. Jina la Prisca halikuwemo.

"Bi Raya," Prisca alimshika mkono nje, "wewe Bwana Halidi anakuheshimu. Niombee hata nafasi ya kufagia. Nyumbani wananitegemea mimi tu."

"Mungu atakufungulia kwingine, binti yangu," alisema Raya, akautoa mkono wake taratibu. Alikuwa anawaza nyama. Angenunua kilo mbili, wapike pilau na Zuhura, washerehekee. Hata hakugundua kwamba siku nzima ile hakuna aliyemwita Mama Zuhura.

Alifika Bigwa alasiri, jua bado kali. Kabla ya kugusa geti alisikia harufu ya mafuta ya mnyonyo.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, anasukwa. Alikuwa katikati ya magoti ya mwanamke mmoja, na mwanamke alikuwa ameinama, anagawa nywele kwa kitana, kwa uangalifu mkubwa, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Alikuwa amejifunga kanga ya Raya. Miguuni alivaa raba nyeupe.

"Shikamoo mama mdogo," alisema Zuhura, akitabasamu. "Hongera ya Dodoma! Mama alisema utapita kuchukua mizigo yako."

Mfuko wa nyama ulimtoka Raya mkononi. "Zuhura. Zuhura, mwanangu, toka hapo. Simama, njoo kwangu."

"Kuna nini?"

"Huyo si mama yako! Mimi ndiye mama yako, nimekuzaa mimi, nimepasuliwa kwa ajili yako, angalia," na akaivuta blauzi juu hapo hapo uani, mchana kweupe, mbele ya majirani, akalitafuta kovu kwa vidole, akalitafuta chini ya kitovu, na pembeni, na chini zaidi, akijikwaruza kwa kucha mpaka damu, na ngozi ilikuwa laini na nzima kama ya msichana ambaye hajawahi kubeba kitu.

Zuhura alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuua. "Mama mdogo, basi. Tusilianze tena leo. Tunajua umenilea na mimi, tunajua Mungu hakukujaalia. Lakini cheti changu cha kuzaliwa kipo ndani, jina la mama limeandikwa: Mwanaheri Pazi. Tukusomee tena?"

Mwanamke akainua kichwa. Uso ulikuwa wa Raya mwenyewe, umezeeka kwa miaka ileile, na mikunjo ileile ya kucheka na mtoto. Akaiweka mikono yake miwili juu ya mabega ya Zuhura. Kucha zilikuwa na udongo mwekundu.

"Kazi nimekuachia, mdogo wangu, kama ulivyotaka," alisema kwa upole. "Begi lako liko hapo getini. Jumatatu wahi kusaini."

Kisha akainama tena, akachovya kidole kwenye mafuta, akaendelea kumsuka mwanawe.